Kilima cha Nzaui na Darasa la Uzamili: Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili katika Akiolojia ya Kihistoria na Usimamizi wa Urithi

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wamalizapo shahada ya kwanza huiona njia ya uzamili kuwa na matawi matatu tu: isimu, fasihi na tafsiri. Makala haya yanakusudia kueleza tawi la nne ambalo halijazoeleka sana katika idara zetu, nalo ni mafunzo ya akiolojia ya kihistoria na usimamizi wa urithi wa kitamaduni. Tutaeleza taaluma hii ni nini, mwanafunzi wake hufundishwa nini, na kwa nini taaluma hiyo inamhitaji mtu aliyelelewa katika masomo ya lugha na fasihi simulizi.

Ili mjadala usielee hewani, tutautia nanga mahali pamoja: Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, na kilima cha Nzaui kilicho karibu na mji huo mdogo wa soko. Tumechagua mahali hapa kwa kusudi. Mtu akitaja urithi wa kale nchini Kenya, akili za wengi hukimbilia Gede, Ngome ya Yesu au Lamu, mahali penye kuta za mawe na matumbawe. Nzaui haina kuta za namna hiyo. Ina jiwe, miti, majina na masimulizi. Swali letu ni hili: je, urithi wa namna hiyo unaweza kutambuliwa na kulindwa na mtaalamu asiyejua lugha iliyoubeba? Msimamo wa makala haya ni kwamba hauwezi.

2.0 Akiolojia ya Kihistoria ni Nini?

Akiolojia, ambayo baadhi ya kamusi zetu huiita pia elimukale, ni taaluma inayochunguza maisha ya wanadamu waliotangulia kwa kutumia mabaki ya vitu walivyotengeneza, walivyotumia na walivyotupa. Vigae vya vyungu, shanga, mavi ya chuma, mifupa na majivu ya jikoni ndivyo herufi zake. Akiolojia ya kihistoria ni tawi la taaluma hiyo ambalo husoma mabaki hayo sambamba na ushahidi wa maneno, yaani maandishi, ramani, picha na, kwa upande wetu wa Afrika, masimulizi ya mdomo.

Huko Marekani, ambako chama cha wanataaluma wa fani hii kiliundwa mwaka 1967, akiolojia ya kihistoria ilielekezwa zaidi kwenye kipindi kilichoanza Wazungu walipofika na kuandika. Fasili hiyo ikiletwa Afrika Mashariki bila kupimwa huzaa tatizo. Ukisema historia huanza na maandishi, basi historia ya Ukambani itaanza na shajara ya mmisionari, na yote yaliyotangulia yatakuwa giza. Ndiyo maana watafiti kadhaa waliofanya kazi barani Afrika walipinga mpaka huo na kushikilia kwamba simulizi iliyohifadhiwa na jamii nayo ni hati, mradi isomwe kwa mbinu zinazoifaa.

Usimamizi wa urithi, kwa upande wake, huanza pale uchimbaji unapokoma. Huuliza: mahali hapa ni pa nani? Pana thamani gani, na kwa nani? Palindwe kwa sheria ipi, pafunguliwe kwa wageni au paachwe kimya? Ikumbukwe kuwa urithi wenyewe una pande mbili. Upo urithi unaoshikika, kama vile majengo na vyombo, na upo urithi usioshikika, kama vile ngoma, tambiko, ufundi na masimulizi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 ndio ulioupa upande huo wa pili hadhi ya kimataifa, na Kenya iliuridhia mwaka 2007.

3.0 Mafunzo ya Uzamili Yana Nini Ndani Yake?

Kwa muda mrefu Mwafrika wa Mashariki aliyetaka kubobea katika akiolojia alilazimika kusafiri ng'ambo. Hali ilianza kubadilika vyuo vyetu vilipofungua milango. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha taaluma hii pamoja na historia. Mjini Mombasa ulianzishwa mwaka 2000 mpango wa kuendeleza makumbusho barani Afrika, ambao mwaka 2004 uligeuka kuwa Kituo cha Maendeleo ya Urithi Afrika, kwa nia ya kuwanoa wafanyakazi wa makumbusho na maeneo ya kale. Aidha, Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi imekuwa ikiwachukua wahitimu vijana na kuwafunza kazi ya uwandani.

Kwa jumla, mafunzo ya kiwango hiki huwa na sehemu nne. Ya kwanza ni nadharia na mbinu: namna ya kutembea eneo kwa mpangilio na kuandika kila kinachoonekana juu ya ardhi, namna ya kuchimba tabaka kwa tabaka bila kuchanganya la juu na la chini, na namna ya kuainisha vigae na shanga ili kukadiria umri wake. Ya pili ni kazi ya hati: kusoma barua, ripoti za maofisa na ramani za zamani katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa au katika hifadhi za misheni. Ya tatu ni mahojiano na wazee, pamoja na maadili yake. Ya nne ni sheria na mipango: tathmini ya athari za miradi, uandishi wa mpango wa uhifadhi, na ushirikishaji wa wenyeji.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiitazama orodha hiyo atagundua kuwa sehemu ya pili na ya tatu si ngeni kwake. Kulinganisha matini mbili zinazopingana, kuchunguza muktadha wa usimulizi, kutofautisha visasili na visakale, kurekodi na kunukuu maneno ya msimulizi bila kuyapamba: haya ndiyo tuliyofundishwa katika fasihi simulizi tangu mwaka wa kwanza. Ni sehemu ya kwanza na ya nne anazopaswa kujifunza upya.

4.0 Nzaui na Tabaka Zake

Hebu sasa tuirejelee Nzaui na kuisoma kama mwanaakiolojia asomavyo shimo lake, tabaka baada ya tabaka, tukianzia chini.

Tabaka la chini kabisa ni la kisasili. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wakamba, Mulungu aliwateremsha mume na mke wa kwanza juu ya jiwe la Nzaui, na nyayo zao husemekana kuonekana juu ya jiwe hilo hadi leo. Mwanaakiolojia hatachimba ili athibitishe nyayo hizo, na hapaswi kufanya hivyo. Swali lenye tija ni jingine: kwa nini jamii hii iliweka asili yake juu ya kilima hiki na si kingine? Masimulizi yaliyotiwa mahali maalumu huweza kuwa ishara kwamba mahali hapo palikuwa na uzito katika makazi, safari au ibada za watu. Kilima kinachoonekana kutoka mbali katika nchi kavu ni alama ya njia kabla ya kuwa alama ya imani.

Tabaka la pili ni la tambiko. Wakamba waliteua mahali pa kutolea sadaka palipoitwa ithembo, na kwa wingi mathembo. Kwa kawaida ithembo halikuwa jengo. Lilikuwa miti mikubwa isiyokatwa na ardhi isiyolimwa, mahali pa kuombea mvua na kushukuru kwa mavuno. Mgeni asiyeambiwa kitu anaweza kupita katikati ya ithembo asione chochote ila kivuli.

Tabaka la tatu ni la misafara. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakuu wa pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na kituo chake Rabai, alisafiri hadi Ukambani mwaka 1849, akapokewa Kitui na mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya. Aliporudi mwaka 1851, Kivoi aliuawa katika shambulio wakiwa safarini. Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua Krapf kwa kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Mwanaakiolojia anamjua kwa shajara za safari. Ni mtu mmoja, lakini idara zetu zimemgawa vipande viwili ambavyo havijakutanishwa.

Tabaka la nne ni la misheni. Mwaka 1895 kundi la kwanza la Africa Inland Mission, likiongozwa na Peter Cameron Scott, lilitoka Mombasa na kufungua kituo chake cha kwanza Nzaui. Scott alifariki Desemba 1896, kabla mwaka wa pili wa kazi yake haujakwenda mbali. Baadaye makao makuu ya misheni yalihamia Kijabe. Kwa akiolojia ya kihistoria, kituo cha namna hii ni darasa kamili. Zipo barua zinazoeleza ujenzi na maradhi, na ardhi yenyewe inaweza kuwa imehifadhi misumari, vioo na vigae vya sahani karibu na vigae vya vyungu vya wenyeji. Barua hueleza walichofanya wamisionari. Ardhi inaweza kueleza nani alipika, nani alibeba maji na nani alijenga, hata kama jina lake halikuandikwa.

Mambo haya manne yalitokea mahali pamoja, na hilo ndilo linaloifanya Nzaui kuwa ya thamani. Kilima kilichotajwa kuwa chimbuko la watu kilikuwa pia nchi ya mathembo, jirani ya njia za pembe, na mlango wa kwanza wa misheni iliyoenea baadaye sehemu nyingi za Kenya. Mtafiti anayesoma tabaka moja tu, liwe la dini mpya au la kale, ameacha sehemu kubwa ya kitabu bila kuifungua.

5.0 Majina Kama Ushahidi

Katika sehemu hii tunataka kuonyesha kwa mifano kwamba lugha ni chombo cha kazi katika taaluma hii, sawa na mwiko wa kuchimbia.

Mfano wa kwanza ni tahajia. Kilima tunachokiita Nzaui kimeandikwa Nzawi katika hati za misheni, na katika maandishi ya wasafiri na maofisa wa awali huonekana kama Nzaoi au Nzoi. Waandishi hao walikuwa wakikisia sauti za Kikamba kwa masikio ya Kiingereza. Mwanafunzi anayetafuta kwa tahajia moja atarudi kutoka hifadhi ya nyaraka akisema hakuna kitu. Aliyesoma fonolojia ya lugha za Kibantu atatabiri makosa hayo kabla hajaketi kwenye meza ya kusomea.

Mfano wa pili ni majina ya njaa. Wakamba walizipa njaa kubwa majina, na majina hayo hutumika kama kalenda. Njaa kuu ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 huitwa yua ya Ngomanisye. Mzee akisema babu yake alihamia mahali fulani kabla ya Ngomanisye, ametupa tarehe, japo hakutaja mwaka. Njaa ya mwaka 1961, wakati chakula kilipodondoshwa kwa ndege, iliitwa yua ya ndeke. Msomaji ataona mara moja kwamba ndeke ni neno la Kiswahili ndege lililovaa sauti ya Kikamba. Jina moja limehifadhi mkasa, teknolojia na mkutano wa lugha mbili.

Mfano wa tatu ni neno mbesa, yaani fedha. Lilitoka Bara Hindi, likawa pesa kwa Waswahili, kisha likafika Ukambani na kuwa mbesa. Mwanaakiolojia akipata sarafu ya kale katika tabaka fulani, atauliza ilifikaje huko. Mwanaisimu atamwonyesha kuwa neno lenyewe lilipita njia hiyo hiyo, likitokea baharini kuelekea bara. Kitu na jina lake vikitoa ushahidi wa upande mmoja, hoja hupata miguu miwili ya kusimamia.

6.0 Funzo Kutoka Buhaya

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni matumaini tu. Basi tuvuke mpaka hadi Mkoa wa Kagera, Tanzania, ambako jambo hili lilijaribiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alikaa na wazee wa Buhaya akisikiliza masimulizi yao. Kijijini Katuruka palikuwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa uhunzi, na simulizi zilizouhusisha mahali hapo na ufuaji wa chuma wa kale na enzi ya mfalme Rugomora Mahe. Schmidt alichimba pale simulizi zilipoelekeza, akapata mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa takriban miaka elfu mbili au zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1978 katika kitabu kilichosaidia kuweka misingi ya akiolojia ya kihistoria ya Kiafrika.

Tuwe waangalifu na tafsiri ya jambo hili. Mfalme anayetajwa katika simulizi aliishi karne nyingi baada ya chuma hicho kufuliwa. Kwa hiyo simulizi haikuwa sahihi kwa kila herufi. Ilichohifadhi ni kumbukumbu ya mahali, na nasaba ya kifalme ikajishikiza kwenye kumbukumbu hiyo ili kupata heshima yake. Kutenganisha kilichohifadhiwa na kilichoongezwa ni uhakiki wa matini. Ni kazi yetu.

7.0 Kulinda: Sheria, Neno na Fomu

Nchini Kenya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 ilichukua nafasi ya sheria mbili za awali. Humtaka mtafiti awe na kibali kabla ya kuchimba na humpa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa eneo linalolindwa. Katiba ya mwaka 2010 iliitambua tamaduni kuwa msingi wa taifa, ikazipa kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni, huku mambo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki mikononi mwa serikali kuu. Sheria ya mwaka 2016 iliongeza ulinzi wa maarifa ya jadi na sanaa za kijamii.

Hata hivyo, sheria hulinda kile kilichoandikwa kwenye fomu. Kabla ya mradi mkubwa kuanza, athari zake kwa mazingira hutakiwa kutathminiwa, na mambo ya urithi huingia humo. Makueni imeona miradi mikubwa katika miaka ya karibuni: reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ikipitia Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na bwawa la Thwake ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Mpe mtathmini asiyejua neno ithembo siku chache katika eneo kama hilo, naye ataona miti. Kwenye nafasi iliyoandikwa "maeneo ya urithi" atajaza "hakuna". Hatakuwa amesema uongo. Atakuwa ameandika alichowezeshwa kuona na mafunzo yake.

Linganisha na pwani. Misitu ya Kaya za Wamijikenda iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zake zikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji ulinzi wa haraka. Kaya nazo, kwa jicho la haraka, ni miti. Lakini neno kaya lilipenya hadi kwenye orodha ya dunia likiwa vile vile, halikufasiriwa likapotea. Thimlich Ohinga, iliyoorodheshwa mwaka 2018, nayo imebaki na jina lake la Kijaluo. Ithembo bado halijapata msemaji wa namna hiyo.

Hapa ndipo tafsiri inapokuwa jambo la kufa na kupona. Ukifasiri ithembo kuwa "madhabahu", umeingiza taswira ya jengo na dini nyingine. Ukisema "mzimuni", umetia hofu ya mizuka. "Mahali pa tambiko" pamekaribia, ingawa hapasemi lolote kuhusu miti isiyokatwa. Pengine lililo bora ni kulikopa neno lenyewe, tukaliingiza katika Kiswahili cha kitaaluma kama tulivyoizoea kaya. Istilahi zetu bado zinasigana: Watanzania wana malikale, neno lililokita katika sera yao ya mwaka 2008, ilhali Wakenya husema urithi au turathi. Kazi ya kuzioanisha inawangoja wanafunzi wa leksikografia.

8.0 Tahadhari

Tusijivike kilemba cha ukoka. Kiswahili si lugha ya mama ya mzee wa Matiliku. Mtafiti anayemhoji kwa Kiswahili atapata muhtasari, na akimhoji kwa Kikamba atapata simulizi. Kwa hivyo Kiswahili kiwe daraja la kupeleka maarifa kutoka Kikamba hadi kwa taifa na kanda, kisiwe kinu cha kusaga lugha nyingine. Pia si kila kinachojulikana hufaa kuchapishwa. Yapo maeneo ambayo wenyewe hawataki ramani yake itolewe, na mtafiti mwadilifu hunyamaza. Mwisho, kijana mwenye shahada ya Kiswahili asidhani kuwa ufasaha humpa ruhusa ya kuchimba. Shimo likichimbwa vibaya halichimbiki tena.

9.0 Mapendekezo na Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili na za akiolojia ziruhusu wanafunzi wa uzamili kuchukua angalau kozi moja upande wa pili, na tasnifu za aina hii zisimamiwe na wahadhiri wa pande zote mbili. Pili, kila tasnifu kuhusu urithi iwe na ikisiri ya Kiswahili, na matokeo yake yarudishwe kwa wenyeji katika baraza, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kuwekwa rafuni. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianze kukusanya majina ya mahali, ya njaa na ya marika katika maeneo wanakotoka wanachama wake, pamoja na maelezo ya wazee wanaoyajua. Kazi hii haihitaji mashine wala ufadhili mkubwa. Inahitaji daftari, kinasa sauti, heshima na likizo moja.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki jambo. Wazee wa kandokando ya Nzaui bado wapo, na wengine wao wanaweza kutaja miti ambayo haikukatwa na sababu zake. Fomu inayofuata ya tathmini itajazwa na mtu. Ni juu ya vyuo vyetu kuamua kama mtu huyo atakuwa anajua nini cha kuuliza, na kwa lugha gani.